Kitufe Kibofywapo na Neno Libadilikapo

Leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wafanyao kazi maofisini huliona kila siku pasipo kulitia maanani, nalo ni lile badiliko la maandishi kwenye kioo cha kompyuta ya mezani pale mtu anapobofya kitufe: palikuwa na neno, kitufe kikabofywa, na mahali pale pale pakasimama neno jingine. Kwa mtazamaji hilo ni jambo la kufumba na kufumbua. Ama kwa mtunga programu, hapo ndipo aghalabu ulipo mtihani wake wa kwanza, na mimi naitakidi kwa dhati ya kuwa namna mtu anavyolielewa jambo hili dogo ndiyo itakayoonyesha kama programu atakazozitunga baadaye zitawaambia watu kweli au zitawahadaa.

Natutwae mfano mmoja, tuushike tangu mwanzo. Katika zahanati fulani karani ameketi mbele ya kompyuta, na wagonjwa wameketi kwenye mabenchi, kila mmoja na kijikaratasi chake chenye nambari. Katika dirisha la programu karani ana kitufe kilichoandikwa "Mwite afuataye", na juu ya kitufe hicho yapo maandishi makubwa yasemayo "Sasa anahudumiwa nambari 27". Akibofya, maandishi hayana budi kusema 28; na kioo cha pili, kilichotundikwa ukutani kuwaelekea wagonjwa, nacho hakina budi kusema 28, na wakati ule ule. Hiyo ndiyo kazi yote. Mwanafunzi aliyeanza kujifunza lugha ya Python jana, akiutumia mkusanyo wa zana uitwao Tkinter unaokuja pamoja na lugha hiyo, aweza kuiandika katika mistari isiyozidi ishirini, akaiona yatenda, akafurahi. Maswali huja baadaye.

Kwanza tuelewe ya kuwa kubofya si tendo moja. Kipanya hutoa habari mbili zilizo mbalimbali, habari ya kubonyezwa na habari ya kuachiliwa, na mfumo wa uendeshaji, uwe ni Windows au Linux au mwinginewe, hupokea kila habari, ukapima kishale kilipo, ukatafuta ni dirisha la nani lililo juu mahali hapo, kisha ukaiweka habari hiyo katika foleni ya programu yenye dirisha. Ndani ya programu nako umo mzunguko usiokoma, ambao hauna kazi ila kuitazama foleni, kulitwaa tukio lililotangulia, kulikabidhi kwa utaratibu uliowekewa tukio la namna hiyo, na kurejea tena kwenye foleni. Na katika zana zilizo nyingi kitufe hakitendi kazi yake kinapobonyezwa bali kinapoachiliwa, kishale kikiwa kingali juu yake. Kwa hiyo mtu aliyebonyeza kwa kughafilika aweza kukiburura kishale hadi nje ya kitufe, ndipo akaachilia, na lisiwe lolote. Naipenda sana hadhari hii ya waasisi wa fani, kwa maana walikumbuka ya kuwa mkono wa binadamu mara nyingi huitangulia nia yake.

Haikuwa hivi tangu awali. Programu za zamani ndizo zilizokuwa zikiongoza mazungumzo: zilimwuliza mtu swali, zikangoja jibu, zikauliza jingine, na mtu hakuwa na hiari ila kufuata mpango aliopangiwa. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, katika chuo cha MIT huko Marekani, alionyesha kwa programu yake ya Sketchpad, iliyoendeshwa kwenye kompyuta ya TX-2, ya kuwa mtu aweza kuelekeza kalamu ya nuru juu ya kioo chenyewe, akachora na kukigeuza alichokichora, na kompyuta ikamfuata. Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliwaonyesha wataalamu waliokusanyika namna ya kuyahariri maandishi kwenye kioo kwa kipanya, chombo ambacho yeye na mwenzake Bill English walikwisha kukitengeneza miaka michache kabla, kikiwa na mwili wa mti. Miaka ya 1970 ikawa zamu ya maabara ya Xerox huko Palo Alto, ambako kompyuta iitwayo Alto, ya mwaka 1973, ilikuwa na kioo chenye uwezo wa kuchora kila nukta, na ambako Alan Kay, Dan Ingalls, Adele Goldberg na wenzao waliijenga lugha ya Smalltalk. Kwa mkono wa watu hao amri ilitoka kwenye programu ikahamia kwa mtumiaji; tangu hapo programu ikawa ya kungoja, isijue katika vitufe vyake vyote ni kipi kitakachobofywa kwanza, wala kama kitabofywa chochote.

Hapo ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza, nao hawastahili lawama, kwa kuwa wamezoea kuandika amri zinazofuatana kama mistari ya barua. Mtu anapokiumba kitufe chake hatakiwi kuutenda utaratibu wa kuongeza nambari, bali atakiwa kukikabidhi kitufe jina la utaratibu huo, ili kije kuutenda siku ya siku. Katika Python tofauti ya mambo haya mawili ni mabano tu: ukiandika jina peke yake umelikabidhi, ukilifuatisha na mabano umeamrisha kazi itendeke papo hapo, dirisha lingali linajengwa. Basi mwanafunzi huyo akiifungua programu huiona nambari imekwisha kuongezeka kabla hajagusa kitu, na akikibofya kitufe hubofya mpaka achoke na kitufe kisifanye neno, maana hakikukabidhiwa utaratibu wowote ila tokeo lake tupu. Mwingine ataka vitufe vitano, kimoja kwa kila chumba cha daktari, akaviumba kwa kitanzi kimoja, yaani amri moja inayorudiwa, ili asirudie maneno. Avijaribupo, kila kitufe chamwita mgonjwa aende chumba cha 5, kwa sababu taratibu zote tano zakitazama kigeu kile kile, yaani mahali pale pale pa kuhifadhi nambari ndani ya programu, na kigeu chenyewe kimekwisha kufika mwisho wa hesabu. Dawa yake ni kuupa kila utaratibu nakala ya nambari yake wakati wa kuumbwa. Makosa haya yajulikana sana, na mwalimu mwema huyaeleza kabla hayajamkatisha tamaa mwanafunzi.

Ila swali lililo kubwa zaidi ni hili: ile 27, ikiwa karani hajabofya bado, iko wapi?

Mtu akijibu ya kuwa iko kwenye kioo, amejibu kama macho yake yamwonyeshavyo, na hatimaye ataandika programu isomayo maandishi ya kiooni, ikalichambua neno, ikaipata 27, ikaongeza moja, ikaandika 28 palipokuwa na 27. Itatenda kazi, tena itatenda kwa muda mrefu. Lakini siku atakapotaka kuyabadilisha maandishi yaseme "Nambari 27, karibu", uchambuzi wake utaanguka; siku atakapoongeza kioo cha pili atakuwa na nambari mbili zilizo ndugu lakini zisizojuana; na siku mtu atakapoomba hesabu ya wagonjwa wa juma zima, hatakuwa na kitu cha kumpa, kwani kila nambari iliyopita ilifutwa ilipoandikwa iliyofuata. Mwenye duka la jumla huandika bei katika daftari lake, kisha humwamuru kijana akazinakili kwa chaki kwenye ubao ulio nje. Hatoki yeye nje kwenda kuusoma ubao ili aijue bei ya sukari yake mwenyewe, na mvua ikiufuta ubao hakuharibika jambo, maana daftari lipo. Maandishi ya kiooni ni ubao. Nambari yenyewe sharti ikae mahali pengine, katika kigeu kilichomo katika kumbukumbu ya programu au katika hifadhi ya kudumu, na kitufe kiibadilishe huko kwanza. Kisha kioo, na kila kioo kingine kinachohusika, kiambiwe kwamba daftari limebadilika, kije kisome upya.

Aliyeitengeneza dhana hii kwa utaratibu unaofuatwa hata leo ni Trygve Reenskaug, mtu wa Norway, aliyewahi kutunga programu za kusaidia usanifu wa meli katika nchi yake kabla ya kwenda kuwa mgeni wa maabara ile ya Xerox mwaka 1978 na 1979. Fikira yake ilikuwa kwamba watumiaji wana picha yao vichwani juu ya mambo wanayoyashughulikia, na kwamba programu haina budi kuwa na mfano wa mambo hayo, ukae peke yake, usijali unatazamwa na nani. Kisha pawe na mionekano, mmoja au mia, kila mmoja ukiutazama mfano na kuuonyesha kwa namna yake. Na pawe na wasimamizi wa kuzipokea amri za mtumiaji. Katika Smalltalk mfano hauwajui watazamaji wake kwa majina. Ukibadilika hutangaza tu ya kuwa umebadilika, na kila aliyejiandikisha kwamba autegemea hupata habari, akaenda kusoma upya. Mathalan katika zahanati yetu, nambari ikishakuwa 28, kioo cha karani na kioo cha ukutani hupata habari ile ile kutoka asili ile ile, wala hakuna njia ya kimoja kusema 28 na chenzake 27, maana hakuna nambari mbili.

Fikira hiyo imeenea kwa nguo nyingi. John Ousterhout, alipokuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, aliutoa mkusanyo wake wa Tk mwanzoni mwa miaka ya 1990, ule ambao Tkinter ya Python yautumia hata leo, na humo lebo, yaani kipande cha dirisha kinachoonyesha maandishi, yaweza kufungamanishwa na kigeu, ili kigeu kikibadilishwa na yeyote, kwa sababu yoyote, lebo iandikike upya yenyewe. Katika mkusanyo wa Qt, ulioanzishwa Norway na Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, kitu hutoa ishara na vitu vingine vilivyounganishwa nacho huipokea. Katika lugha ya Java wako waitwao wasikilizaji, ambao hujiandikisha ili waletewe matukio. Mimi nauona mpango wa Ousterhout kuwa ndio mwepesi kwa mwanafunzi, ingawa wako wasemao kwamba wepesi huo humzoeza mtu kuvitapanya vigeu vyake kila mahali. Na hoja yao ina uzito programu inapokuwa kubwa.

Ama namna kioo kinavyoandikwa upya, huko nako kuna ajabu yake. Lebo ikiambiwa kwamba maneno yake sasa ni mengine haiyachori papo hapo. Hujitia alama tu ya kuwa mahali pake pamechakaa, pataka kuchorwa upya, na mzunguko ule niliousema hauendi kuchora mpaka foleni iwe haina tukio la haraka zaidi. Kwa hiyo utaratibu mmoja ukiibadilisha lebo mara elfu, "faili la 1", "faili la 2", mpaka "faili la 1000", pasipo kuurudishia mzunguko nafasi, mtu hataona ila neno la mwisho. Mpango huu haukuzuka kwa mapenzi. Kompyuta ya Macintosh iliyotoka Januari 1984 ilikuwa na kioo cha nukta 512 kwa 342, yaani nukta 175,104 za nyeusi na nyeupe, ambazo kuziweka katika kumbukumbu kwahitaji baiti 21,888. Na kumbukumbu yote ya kompyuta ile ilikuwa kilobaiti 128, kwa hiyo picha ya kioo peke yake ilikula kama sehemu moja katika sita. Pangepatikana wapi mahali pa kuhifadhi picha ya dirisha lililofunikwa na dirisha jingine? Palikuwa hapana. Basi dirisha la juu lilipoondolewa, mfumo uliiambia programu yenye dirisha la chini: sehemu hii imefunuliwa, ichore tena. Na Windows ya kwanza, iliyotoka mwaka 1985, ilifuata njia hiyo hiyo.

Tazameni basi uhaba ulivyozaa adabu. Programu ambayo yaweza kuambiwa wakati wowote, ghafula, iyachore tena maandishi yake, haiwezi kuyategemea maandishi yenyewe kuwa ndiyo kumbukumbu yake, kwa sababu yamekwisha kufutika. Hailazimiki tu kuijua kweli, bali hulazimika kuijua mbali na kioo. Siku hizi kumbukumbu ni tele na mfumo huitunza picha ya kila dirisha, hata mtunga programu aweza kuishi miaka asihisi dharura hiyo, na nadhani ndiyo sababu mojawapo ya kuwa kosa la kuweka kweli kwenye kioo limerudi kwa wingi.

Kuna na kosa la mwanafunzi ambaye hajui kuibadilisha lebo iliyopo, akaunda lebo mpya kila kitufe kinapobofywa na kuibandika juu ya ile ya zamani. Macho hayatambui, maana lebo mpya yafunika ya kale, hadi siku nambari inaporudi kutoka tarakimu nne kwenda tatu, ndipo kingo za neno refu zinapochungulia pembeni mwa neno fupi. Na chini yake zimelundikana lebo mamia, kila moja ikila kumbukumbu. Lebo huumbwa mara moja, dirisha linapojengwa, ikapewa jina litakalojulikana na utaratibu wa kitufe. Baadaye hubadilishwa maneno tu.

Sasa nifike kwenye mambo yanayomgusa karani mwenyewe. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Denmark, katika kitabu chake cha mwaka 1993, akiyafuata maneno ya Robert Miller wa mwaka 1968, aliweka vipimo ambavyo hata leo havijatanguka: jibu likija kabla ya moja ya kumi ya sekunde, mtu huona kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyekifanya kitu, likichelewa hadi sekunde moja, huhisi kungoja lakini fikira zake hazikatiki, likipita sekunde kumi, roho yake hutoka kwenye kazi ile akatafuta nyingine. Katika zahanati yetu kuongeza moja juu ya 27 si kazi ya hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Lakini tuseme nambari yahifadhiwa katika kompyuta nyingine, chumba cha pili au mji wa pili, na mtandao siku hiyo ni mzito. Mtunga programu mwenye nia njema huandika hivi: kitufe kikibofywa, lebo iseme "Tafadhali subiri", kisha habari ipelekwe huko, kisha lebo iseme 28. Akaijaribu, na "Tafadhali subiri" haikuonekana kamwe. Dirisha likaganda sekunde nne, halikusogezeka wala kufungika, kisha ikatokea 28.

Sababu mmekwisha kuijua kutokana na niliyoyasema. Lebo ilijitia alama ya kutaka kuchorwa, lakini mchoraji ni ule mzunguko, na mzunguko ulikuwa umekwama ndani ya utaratibu wa kitufe, ukingoja mtandao. Wako wanaofundisha dawa ya haraka, kuilazimisha programu ichore kabla ya kuendelea. Kweli neno litaonekana, lakini dirisha litabaki limeganda vile vile, na karani akibofya mara tatu kwa hamaki mibofyo ile yote itajipanga katika foleni, na kazi itakapokwisha wataitwa wagonjwa watatu zaidi kwa mpigo. Dawa ya haki ni kuikabidhi safari ya mtandao kwa mkondo mwingine wa kazi, utaratibu wa kitufe ukamalizika mara moja, mzunguko ukawa huru, na mkondo ule utakaporudi na jibu usiiguse lebo kwa mkono wake bali utie habari katika foleni ili mzunguko wenyewe uje kuiandika. Sharti hilo la mwisho si ushauri tu: Swing ya Java, Qt, na zana nyingine zilizo nyingi zakataza mkondo wowote usio mmoja ule maalumu kugusa kilichomo dirishani, na anayelivunja sharti hupata programu iangukayo leo, isianguke kesho, ikaanguka tena mbele ya wageni.

Fauka ya hayo, sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna wajibu wetu wa pekee. Aliyezoea Kiingereza hulitenga neno moja na nambari moja akaviunganisha, na sentensi ikapita. Kwetu sentensi nzima husogea pamoja na idadi: "Mgonjwa 1 anasubiri", lakini "Wagonjwa 12 wanasubiri", na wakiisha wote haifai kusema "Wagonjwa 0 wanasubiri" palipo na "Hakuna mgonjwa anayesubiri". Ukibadilisha kitu kinachohesabiwa hubadilika hata kitenzi: "Faili 1 limefutwa", "Kitabu 1 kimerudishwa", "Vitabu 3 vimerudishwa". Kwa hiyo mtunga programu wa Kiswahili asihifadhi vipande vya kuunganishwa, bali ahifadhi sentensi kamili kwa kila hali, na kila kitufe kibofywapo achague sentensi kwa kuiangalia idadi. Zana za kufasiri programu, kama gettext, zimekwisha kuandaa mahali pa umoja na pa wingi, basi hapana udhuru. Inaniuma kuona programu zilizofasiriwa kwa juhudi kubwa zikimwambia mzee wa watu "1 ujumbe zimefika", akadhani lugha yake haifai kwa kompyuta, ilhali kilichokosekana ni mtu wa kuandika sentensi mbili badala ya moja.

Tusiwasahau pia wasioona. Mtu anayesikilizishwa kioo kwa programu ya kusoma husikia neno la kitufe alichokifikia, lakini lebo ikibadilika kimya upande mwingine wa dirisha hana habari, isipokuwa zana iliyotumika yaipasha habari programu ile ya kusoma. Si zana zote zifanyazo hivyo, na Tk kwa miaka mingi ilikuwa dhaifu katika jambo hili. Anayetunga programu ya kutumiwa na umma achague zana yake akilijua hilo.

Lililobaki ni lile nililolichukulia kuwa zito kuliko yote. Yako maandishi ambayo hayatoi hesabu bali yatoa ahadi: "Imehifadhiwa", "Imetumwa", "Malipo yamepokelewa". Mtunga programu apendaye dirisha lake lionekane jepesi hushawishika kuyaandika mara tu kitufe kinapobofywa, kabla ya kazi yenyewe kutimia, kwa dhana kwamba aghalabu itatimia. Mimi sioni udhuru wowote katika hilo. Karani akisoma "Imehifadhiwa" huzima kompyuta akaenda zake nyumbani. Mgonjwa akisoma nambari yake ukutani huinuka. Watu huyajenga matendo yao juu ya neno lile, na neno lililotangulia tendo ni ushahidi wa uwongo hata kama siku tisa katika kumi tendo lilifuata. Ikiwa jambo lingali njiani, kiandikwe kilichopo: "Inahifadhiwa". Kitufe kifungwe kwa muda, kififie rangi ili karani aone kwamba hakipokei, ili kubofya kwa pili kusilete mgonjwa wa pili. Kazi ikitimia, daftari libadilike, vioo viwili visome, kitufe kifunguliwe. Ikishindikana, nambari ibaki 27 kama ilivyokuwa, kitufe kifunguliwe vile vile, na maandishi yaseme kwa lugha ya kueleweka kwamba nambari 28 haikuandikwa na kwamba karani ajaribu tena, yasiseme nambari ya kosa isiyojulikana na mtu ila aliyeitunga.

Na haya hayajulikani kwa kuiangalia programu siku njema. Mtunga programu aliye makini hukaa mbele ya kazi yake kabla hajaikabidhi, akauchomoa waya wa mtandao kwa makusudi, akakibofya kitufe, akasoma kioo neno kwa neno, akabofya tena kwa haraka, akaurudisha waya, akasoma tena, kisha akafungua hifadhi na kulinganisha kilichoandikwa humo na kilichosemwa kiooni. Vikihitilafiana, hata kwa moja, airudishe kazi mezani.